Kutoka -nge- hadi -li-: Kutafiti na Kunadi Wazo la Biashara Ndogo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi, na aghalabu hutumiwa kuwasuta wanaojitangaza kupita kiasi. Hata hivyo, mtu anayesimama mbele ya chama cha akina mama au kamati ya mikopo kuomba mtaji wa shilingi elfu chache hana budi kujitembeza. Bidhaa yake bado haipo, hivyo haiwezi kujiuza. Alicho nacho ni maneno tu. Swali linalozuka ni hili: je, ni maneno ya aina gani yanayostahili kuaminiwa na mwenye fedha?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kutumia nyenzo ambazo mwanafunzi wa Kiswahili tayari anazo. Ya kwanza ni mbinu za utafiti wa nyanjani anazofunzwa katika fasihi simulizi. Ya pili ni maarifa ya njeo na hali anayofunzwa katika sarufi. Hoja kuu ni kwamba wazo la biashara ndogo hupimwa kwa yale ambayo watu wamekwisha kuyatenda, wala si kwa yale wanayosema wangeyatenda. Na kwamba katika Kiswahili tofauti hiyo hudhihirika katika viambishi vya kitenzi. Mfano unaotumiwa hapa ni wa kubuni, na bei zilizomo ni za kielelezo tu. Msomaji atatia bei za soko lake.

Biashara ndogo sana ni ipi?

Nchini Kenya, Sheria ya Biashara Ndogo Sana na Biashara Ndogo ya mwaka 2012 inaieleza biashara ndogo sana kuwa ile ambayo mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 500,000 na ambayo imeajiri watu wasiofika 10. Kiasi hicho kikigawanywa kwa siku za mwaka, upeo wake ni takriban shilingi 1,370 za mauzo kwa siku. Mama mboga, fundi wa viatu na mchoma mahindi wa kando ya barabara wote wamo humu.

Shughuli za aina hii zilikuwapo kabla ya sheria hiyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, iliwafanya wataalamu wengi kuitazama sekta isiyo rasmi kwa jicho jipya. Mnamo mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Baadaye zikaja hazina za mikopo: Hazina ya Maendeleo ya Biashara ya Vijana mwaka 2006, Hazina ya Uwezo mwaka 2013, na Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022.

Hazina hii ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini. Ilipozinduliwa, mkopo wake wa kibinafsi ulitolewa kwa njia ya simu, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na ulitakiwa kulipwa katika muda wa siku 14. Mkopaji hakuhitaji kusimama mbele ya mtu yeyote na kulieleza wazo lake. Huo ni wepesi mkubwa, lakini pia una hasara yake. Pale ambapo hakuna mweka hazina wa kuuliza maswali, mkopaji asipojiuliza mwenyewe hakuna atakayemuuliza. Kwa hivyo, kujifunza kulinadi wazo kuna manufaa hata kwa yule ambaye hatalinadi kwa mtu mwingine ila nafsi yake.

Mfano: uji wa wimbi

Na achukuliwe mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye amewazia kuuza uji wa wimbi asubuhi langoni mwa chuo. Anakusudia kuomba shilingi 5,200 katika chama cha mamake: shilingi 3,000 za chupa mbili za lita tano tano za kuhifadhi uji ukiwa moto, 1,200 za vikombe 20, na 1,000 za sufuria. Chama hicho kina wanawake 12, na kila mmoja huchanga shilingi 200 kwa wiki. Fedha anazoziomba, basi, ni zaidi ya michango ya wanachama wote kwa wiki mbili. Zikipotea, atakayeona haya kikaoni ni mamake. Kwa sababu hiyo, utafiti unaotangulia si jambo la kukamilisha desturi tu. Unahusu heshima ya mtu na akiba ya watu.

Maswali na njeo zake

Kosa la kawaida la mtafiti mchanga ni kuanza na swali la masharti: "Je, ungenunua uji wa wimbi iwapo ungeuzwa langoni?" Katika mfano huu, wenzake 20 waliulizwa hivyo na 18 wakajibu kuwa wangenunua. Mwanafunzi akafurahi, akahesabu wateja 18 hata kabla ya kununua unga.

Jibu hilo halina thamani kubwa, na sababu yake ni ya kijamii kama ilivyo ya kisarufi. Kijamii, adabu humzuia mtu kumvunja mwenzake moyo. Anayeulizwa na rafiki kuhusu ndoto yake huitikia "wazo zuri sana" kama anavyoitikia salamu. Kisarufi, kiambishi -nge- huliweka tendo katika ulimwengu wa kuwazia. Katika ulimwengu huo hakuna anayetoa shilingi mfukoni, hakuna anayechelewa darasani, wala hakuna aliyekwisha kunywa chai chumbani mwake.

Kiambishi hu- nacho kinahitaji tahadhari. Swali "Wewe hunywa nini asubuhi?" huleta picha ambayo msailiwa angependa kuwa nayo juu ya nafsi yake. Atasema hunywa uji na hula matunda, ilhali wiki nzima iliyopita alishindia chai ya rangi na mandazi.

Maswali yenye kuzaa ushahidi ni yale ya kiambishi -li-, yanayohusu tukio moja lililopita ambalo msailiwa analikumbuka:

1. Leo asubuhi ulikula au ulikunywa nini?
2. Ulikipata wapi, na ulilipa pesa ngapi?
3. Mara ya mwisho ulinunua uji lini? Nani alikuuzia?
4. Je, kuna siku wiki hii ulikaa na njaa chuoni? Ilikuwa saa ngapi, na ulifanya nini?

Wenzake wale wale walipoulizwa kwa njia hii, ilibainika kuwa ni watatu tu waliokuwa wamenunua uji wiki hiyo. Wengi walikunywa chai vyumbani walikopanga. Wateja 18 wa -nge- walikuwa watatu wa -li-.

Kiambishi -ki- kinafaa kusikilizwa kinapotamkwa na msailiwa mwenyewe bila kuulizwa. Mmoja alisema, "Ukinipa nilipe mwisho wa mwezi, nitachukua kila siku." Sentensi hiyo ina sharti, na sharti lenyewe ndilo habari. Inamwonya mtafiti kwamba sehemu ya wateja wake watataka deni, na deni la shilingi 20 ni gumu kulidai kuliko la shilingi 2,000.

Fauka ya hayo, mtafiti anapaswa kuyaandika majibu jinsi yalivyotamkwa. Anayesema alilipa "mbao" aandikiwe mbao, na anayesema alitumia "soo" aandikiwe soo. Mwanafunzi wa Kiswahili hushawishika kusahihisha papo hapo, lakini msailiwa anayesahihishwa huanza kuchunga ulimi, na anayechunga ulimi huficha mambo. Usanifishaji na ungoje ripoti.

Uchunzaji

Mahojiano pekee hayatoshi. Kama vile mtafiti wa fasihi simulizi anavyohudhuria ngoma badala ya kusimuliwa tu, mtafiti wa biashara hana budi kusimama mahali pa kuuzia na kuhesabu. Katika mfano huu, mwanafunzi alisimama langoni siku tatu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, akiwa na kalamu na daftari. Aliona mambo mawili. Kwanza, wengi walipita mbio wakiwahi kipindi cha saa mbili. Pili, palikuwa na mama aliyekuwa akiuza uji papo hapo kwa miaka mingi, na ambaye aliwatosheleza wateja wachache waliosimama.

Hapa panazuka suala la maadili. Mtafiti angeweza kujifanya mteja na kumpeleleza mama huyo. Badala yake alimwamkua, akanunua kikombe, akajitambulisha na kumweleza nia yake waziwazi: "Mama, nasoma hapa chuoni. Nafikiria kuuza uji, lakini sitaki kukuingilia. Ningependa kujifunza kwako." Mama akamweleza kuwa yeye hufunga saa nne akarejea nyumbani kwa watoto, na kwamba tatizo kubwa la uji si ladha bali ni kupoa; uliopoa haununuliwi tena. Halafu akaongeza jambo ambalo mwanafunzi hakuwa amelifikiria: wanafunzi wa masomo ya jioni humuulizia uji kila wanapomkuta njiani, naye hayupo saa hizo.

Siku mbili zilizofuata mwanafunzi alikwenda kwenye jengo la masomo ya jioni, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili. Aliwahoji watu 15 kwa maswali ya -li-. Kati yao, 11 walikuwa wametoka kazini moja kwa moja na hawakuwa wametia kitu kinywani tangu saa saba mchana. Wazo la asubuhi likafa, na pahali pake pakazaliwa la jioni. Kufa kwa wazo la kwanza si hasara. Lilikufa likiwa limegharimu kikombe kimoja cha uji na siku chache za kusimama.

Hesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kwa kawaida hutajwa biashara inapokuwa imeanza, lakini daftari linahitajika hata kabla ya hapo. Lita tano za uji hutoa vikombe 20 vya mililita 250. Gharama zake katika mfano huu ni kama ifuatavyo: unga wa wimbi nusu kilo shilingi 100, sukari 40, maziwa 50, makaa 35, maji na sabuni 15. Jumla ni shilingi 240, yaani shilingi 12 kwa kikombe. Kikombe kikiuzwa kwa shilingi 20, mauzo ya vikombe vyote ni shilingi 400 na kinachobaki ni 160.

Swali muhimu zaidi, hata hivyo, ni hili: ni vikombe vingapi visivyoleta faida wala hasara? Gharama ya 240 ikigawanywa kwa bei ya 20, jibu ni vikombe 12. Akiuza 11, amepika na kusimama jioni nzima kwa hasara. Tarakimu hiyo ya 12 inafaa kukaririwa na muuzaji kama anavyokariri jina lake.

Aidha, kuna gharama ambazo hazionekani sufuriani. Sheria za afya nchini Kenya humtaka anayeshughulikia chakula cha kuuza apimwe na awe na cheti cha afya. Serikali ya kaunti hutoa kibali cha biashara. Na uongozi wa chuo ndio unaoruhusu kuuza ndani ya ua. Mambo haya huulizwa katika ofisi zinazohusika, wala si kwa marafiki. Hali kadhalika, vifungashio vina sheria zake. Anayewazia kuuza njugu, kwa mfano, akumbuke kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Wazo linalotegemea kitu kilichokatazwa halina haja ya kunadiwa.

Jaribio

Baada ya kupata cheti na ruhusa, ambavyo alivigharimia mwenyewe na kuviandika daftarini, mwanafunzi aliazima chupa moja ya lita tano na vikombe kumi, akauza kwa siku tatu. Siku ya kwanza aliuza vikombe 12, ya pili 16, na ya tatu, mvua iliponyesha, akauza vyote 20 kabla ya saa kumi na mbili. Jumla ni vikombe 48 kati ya 60. Alipata shilingi 960, akatumia 720, akabakiwa na 240, yaani wastani wa shilingi 80 kwa siku.

Jaribio hili lilimfundisha mambo matatu. Kwanza, hakuhitaji chupa mbili. Sufuria ya nyumbani ilitosha, na mtaji ukapungua kutoka shilingi 5,200 hadi 2,100: chupa moja 1,500 na vikombe kumi 600. Pili, kwa wastani wa shilingi 80, mtaji huo ungerudi baada ya siku 27 za masomo, yaani zaidi kidogo ya wiki tano. Tatu, mkopo wa simu wa siku 14 haungemfaa. Katika siku 14 za kalenda mna siku 10 tu za masomo, na kwa siku hizo angekuwa na shilingi 800, ilhali deni ni 2,100. Riba isingemuumiza, muda ndio ungemuumiza. Mikopo mingi midogo huelemea wakopaji kwa njia hii, nao husingizia riba.

Ukweli mwingine haufai kufichwa. Shilingi 80 kwa takriban saa tatu za kupika, kuuza na kuosha vyombo ni ujira haba. Mwanafunzi anapaswa kuamua iwapo saa hizo zina kazi bora zaidi, ikiwemo kusoma. Utafiti hauamui kwa niaba yake. Unamwezesha kuamua akiwa macho.

Kunadi wazo

Kunadi ni kusema kwa ufupi mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukataa. Mnenaji dhaifu hutegemea -ta-: "Nitauza uji bora kuliko wote, kila mtu atanunua, na nitafungua matawi." Mnenaji aliyetafiti huanza na mambo yaliyopita, na -ta- yake huja mwishoni ikiwa imebanwa na hesabu. Hotuba ya mwanafunzi huyu chamani ingeweza kuwa hivi:

"Hamjambo akina mama. Mama mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi. Wanafunzi wa masomo ya jioni hutoka kazini na kuingia darasani na njaa. Niliwauliza 15, na 11 walikuwa hawajala tangu saa saba. Niliwauzia uji siku tatu kwa chupa ya kuazima. Nilipika vikombe 60, nikauza 48, nikamwaga 12. Nilipata shilingi 960, nikatumia 720. Naomba shilingi 2,100 ninunue chupa moja na vikombe kumi. Mauzo yakibaki hivyo, fedha zenu zitarudi baada ya siku 27 za masomo, nami nitamletea mweka hazina daftari kila Ijumaa. Sijauza katika majuma ya mtihani, wakati masomo ya jioni husimama; kwa hiyo naomba nianze mwanzoni mwa muhula."

Hotuba hii ina sehemu sita: salamu, shida ya mteja, ushahidi, hesabu, ombi na hatari. Wengi huiacha sehemu ya mwisho kwa kuogopa kukataliwa. Waama, ndiyo inayojenga imani zaidi, kwa kuwa mweka hazina angeiuliza hata asipoambiwa. Vile vile, vikombe 12 vilivyomwagwa havikufichwa. Msikilizaji anayesikia hasara ikitajwa kwa hiari huiamini faida inapotajwa.

Uteuzi wa msamiati nao ni wa maana. Maneno kama ujasiriamali, soko lengwa na mkakati ni sanifu na yana mahali pake katika karatasi ya mtihani. Chamani, "watu wanaotoka kazini na njaa" hueleweka upesi zaidi. Rejista hufuata hadhira. Somo hili la isimujamii halibadiliki kwa kuwa kinachozungumziwa ni fedha.

Hitimisho

Methali iliyotajwa mwanzoni haijakanushwa. Chema chajiuza, lakini kwanza sharti kiuzwe mara chache kwa chupa ya kuazima, ili kiwe na cha kusimulia. Anayenadi wazo baada ya hapo hajitembezi bure; anaripoti. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua tofauti kati ya "wangenunua" na "walinunua" ana zana ambayo wengi wenye mitaji mikubwa wameikosa, na akina mama 12 wanaochanga shilingi 200 kila wiki wanastahili kuona ikitumiwa kabla ya kufungua kisanduku chao.

Zoezi

1. Chagua wazo moja la biashara lisilohitaji mtaji wa zaidi ya shilingi 3,000. Andika maswali matano ya -nge- ambayo ungeshawishika kuyauliza, kisha yageuze yote kuwa maswali ya -li-.
2. Simama mahali pa kuuzia kwa saa moja, siku mbili tofauti. Hesabu wanaopita na wanaonunua, na uandike jambo moja ambalo hukulitarajia.
3. Kokotoa idadi ya bidhaa unazopaswa kuuza kwa siku ili usipate faida wala hasara.
4. Andaa hotuba ya dakika mbili yenye sehemu sita zilizotajwa. Isome mbele ya mtu ambaye si rafiki yako, na umwombe akuulize maswali matatu magumu.